Mafundo ya Wasichana wa Mwaka wa Chui Milia

Mtaa wa 14, Banda la 6
10 Desemba 1944

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kifua kimetulia tangu walinzi wa huko kifungoni wakupe blanketi la pili. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, halafu anafagia vumbi ambalo halijaisha tangu Amerika ituhamishie kambini sisi wa asili ya Japani. Makaa tunagawiwa ndoo moja, basi tunakaa ndani na makoti yetu.

Barua yako ilifika, mistari minne imekatwa kwa mkasi na wakaguzi. Sijui uliandika nini cha kuitikisa Amerika, mzee wa watu, muuza mbegu za figili. Wangekata na ule uliofuata ningewashukuru. Umeniagiza niwashukuru wasichana wa shuleni waliotia mafundo kwenye mshipi wa kaka Teruo. Umesema hata kama hakurudi, wao walifanya lao. Baba, agizo hilo limenishinda, na leo nakueleza kwa nini.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa mbwembwe kwamba nimekuwa katibu wa klabu ya huduma. Tulikusanya makopo, tukafuma soksi za askari, tukafunga vifurushi vya Krismasi vya hospitali ya jeshi. Mlinzi wa mnarani alitutazama tukibeba makopo hayo, mtutu wake umeelekea ndani, kwetu. Fumiye Kuratani, mwenyekiti wetu, alisema tukizidisha soksi huenda hata yule akashuka kutusaidia mizigo. Tulicheka. Wajinga sisi!

Mwezi wa pili Mwalimu Haldane, mlezi wa klabu, alituita. Kina mama walikuwa wameanza kupitisha mishipi ya mafundo elfu, ya kuwakinga na risasi vijana wetu wanaochukuliwa na jeshi la Amerika. Alisema kwa upole kwamba hamkatazi mtu mila yake, ila askari wa Japani nao huvaa mishipi hiyo hiyo. Magazeti yakisikia inashonwa shuleni, tutajieleza vipi? Ikatolewa hoja kwamba mwanachama yeyote asitie fundo. Mikono yote ikapanda, nami nikaandika kwenye kumbukumbu: kwa kauli moja.

Mwezi wa tatu Teruo akaitwa. Mama akachukua kitambaa cheupe na uzi mwekundu, akapita mlango kwa mlango, kila mwanamke fundo moja. Mama mmoja alimfokea kwamba asimletee kitambaa cha mtoto anayekwenda kuwafia watu waliotulaza kwenye mazizi ya farasi. Mama akasema asante, akabisha mlango wa pili. Alirudi na mafundo mia saba hamsini na matatu, pamoja na yake mwenyewe.

Hapo akakumbuka wasichana wa darasa la mwisho, kumi na watatu, wote wa klabu yetu, na wote waliozaliwa mwaka wa chui milia kwa kalenda yetu ya wanyama. Chui milia huenda mbali na akarudi, ndiyo maana mwanamke wa mwaka wake huruhusiwa kutia mafundo kwa idadi ya miaka yake. Wasichana kumi na watatu, kila mmoja miaka kumi na tisa kwa hesabu yetu: mia mbili arobaini na saba, kamili kabisa! Mama alipiga makofi kama mtoto. Akanikabidhi kitambaa, akasema haya ndiyo ya kumrudisha, nisipoteze hata moja. Siku ya tatu nikamrudishia mshipi umetimia. Teruo akauvaa, akatutania kwamba ana wanawake elfu tumboni na hajapata hata mchumba mmoja.

Mshipi umerudi kutoka Ufaransa wiki tatu zilizopita, umefuliwa na kukunjwa. Mama aliupapasa fundo kwa fundo. Alisema wale wasichana walikaza uzi kwelikweli, walimpenda mwanawe.

Alhamisi Fumiye alikuja kwetu na kitambaa cheupe. Alishamaliza shule, sasa anaosha vyombo jikoni, na kaka yake Kiyoto ameitwa jeshini. Alikuwa amesikia Mama naye ni wa mwaka wa chui milia. Mama alimkalisha karibu na jiko, akammiminia chai, kisha akainama mpaka paji likagusa sakafu, akamshukuru yeye na wenzake kwa waliyomtendea Teruo. Fumiye akanitazama. Mimi nikatazama makaa. Mama akatia mafundo yote arobaini na matatu, kwa vidole vilivyovimba kwa baridi, akakataa kupumzika.

Nilimsindikiza Fumiye. Nje akanishika mkono, akauliza ni shukrani gani zile, na mafundo yepi.

Baba, mshipi ule sikuutoa mkobani mbele ya mtu yeyote. Wasichana hawakukataa. Hawakuombwa. Ningewaombaje? Ile hoja niliitoa mimi, kabla Mwalimu Haldane hajamaliza kusema, ili nionekane Mmarekani kuliko wote. Nikaona aibu kuimeza mbele yao. Nikajifungia chumba cha kufulia saa za chakula, siku tatu, nikatia mwenyewe mia mbili arobaini na saba. Mimi, wa mwaka wa sungura, ambaye haki yangu ilikuwa fundo moja tu, nalo nilikwisha kulitia siku ya kwanza.

Fumiye alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema tu, “Wewe nawe Misao! Ungetuambia. Tungeshona hata chooni.” Akaondoka bila kuaga.

Najua risasi haihesabu mafundo. Lakini Mama anahesabu. Kila jioni anahesabu, na kila jioni anawaombea dua wasichana wale. Nimechoka kuitikia.

Msalimie Mzee Okubo unayelala naye chumba kimoja. Sweta la kijivu linakuja na posta ya Jumatatu. Mikono ni mirefu, ikunje. Mama alikuwa ameanza kulifuma kwa ajili ya Teruo.

Kama ilivyo ada yetu, nimeacha nafasi hapo chini ili Mama akishaisoma aandike salamu zake. Bahasha siifungi. Naiweka mezani, karibu na mshipi, naye akirudi kutoka kwenye foleni ya chakula ataikuta.

Mwanao asiyestahili shukrani,
Misao