Konyeza Niliowanyima Jua

Mpendwa mpwa wangu Atieno,

Simu yangu hupokei, na sikulaumu. Mama yako ameniambia umerudi pwani, Kilifi, na hutaki hata kusikia Dunga yetu ya ziwani ikitajwa. Basi naandika, mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alishindwa na maswali yangu. Soma hata kama umekasirika.

Unakumbuka siku ulipowaleta wale viumbe wako? Ulishuka kituo cha Mamboleo umekumbatia ndoo yenye kifuniko kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, ukakataa nikusaidie. Nyumbani ukawatia kwenye tangi la kioo, kando ya lile dirisha la mashariki. Nilipowaona wamelala chali, mikono yote juu, nikakwambia, "Nyathina, mwanangu, hawa wamekufa. Samaki akishaonyesha tumbo, huyo ni wa sufuria."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni, ukaniita mjomba kwa Kijaluo kama kawaida yako. "Nera, hawa ni konyeza, wale viumbe laini wa baharini. Hivyo ndivyo wanavyoishi. Wanalala chali ili jua liwafikie mikononi."

Ukanieleza kwamba ile rangi ya kahawia si yao. Ni mwani, mdogo sana, unaoishi ndani ya nyama yao. Mwani unapika kwa jua na konyeza anakula. Yeye naye anaupa mahali pa kukaa, na uchafu wa mwili wake ndio mbolea ya huo mwani. Mtoto wa konyeza hazaliwi na mwani huo, anaupata majini, na asipoupata hakui akawa konyeza kamili.

"Mbona siuoni?" nikauliza.

"Macho yako hayawezi, Nera."

"Macho haya yalimwona samaki mbuta akiwa bado upande wa Uganda wa ziwa hili!"

"Hata hayo."

Ukaniambia nisitie mkono. Nikatia. Mamba wa ziwa hili walishanikimbia, nitaogopa kitu kisicho na mfupa? Sikumgusa hata mmoja, lakini mkono uliniwasha mpaka jioni. Kumbe wanaachia ute majini, na ndani ya ute kuna vijidonge vinavyoelea vyenyewe na kuchoma. Ulinipaka siki huku ukinicheka, nami nikajifanya natabasamu.

Ulipokwenda pwani kumalizia utafiti wako ulinisihi kitu kimoja: "Nera, usiwaondoe dirishani. Hawa wakiharibika, kazi yangu yote ya chuo inaanza upya." Nikapiga kifua. Nikasema nimewahi kufuga kambare kwenye karai akawa ananijua kwa sauti.

Sasa sikiliza, si kwamba nilisahau. Ningesahau ingekuwa afadhali. Nilidhani najua kuliko wewe. Hapa kwetu maji yakigeuka kijani na kuwa mazito, samaki wanakosa hewa, wanaelea. Maisha yangu yote mwani nimeujua kama adui. Nikaona wale viumbe wako wamejaa ugonjwa na wewe umedanganywa na vitabu. Nikakumbuka pia kwamba mvuvi mwenye akili haachi samaki juani. Nikalibeba tangi mpaka kwenye stoo ya nyavu, kule gizani.

Wakaanza kuwa weupe. Nilifurahi, Atieno! Niliwaita majirani waje waone nilivyowatibu. Ulipopiga simu kuuliza kama bado wana rangi, nikakwambia, "Rangi ya chai kabisa." Nilitaka ukirudi ushangae.

Mama Pamela, yule jirani anayeanika omena, dagaa wetu wa ziwani, ndiye aliyenishtua. Alichungulia akasema, "Bwana Ogola, wagonjwa wako wanaisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni."

"Wanapunguza mafuta," nikamjibu.

"Ya wapi? Hawana hata tumbo!"

Kweli walikuwa wanasinyaa. Niliwaongezea wale wadudu wadogo wa kwenye chupa ulioniachia, lakini wadudu peke yao hawakuwatosha. Ukapiga tena, nami nikarudia rangi ya chai. Mara hiyo nilijua ninachofanya. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Ungejua siku ile, ungeniambia niwarudishe dirishani.

Uliporudi hukupiga kelele. Uliinama juu ya tangi, ukaniuliza polepole, "Nera, ulikuwa unaniambia nini kwenye simu?" Nikatazama nyavu. Ukachukua mkoba wako ukaenda.

Nilidhani wote wamekwisha, lakini sikuwa na moyo wa kumwaga yale maji. Nililirudisha tangi dirishani, na jua lilipoingia nikaona mmoja chini kabisa, mdogo kama kifungo cha shati, bado anapiga mapigo yake. Tangu hapo maji hayajapungua wala jua halijampita. Sijaita jirani hata mmoja. Mama Pamela akiuliza, namwambia tangi ni tupu.

Asubuhi hii nimeona kama kuna rangi kwenye mikono yake. Kidogo sana. Nilitaka kumtuma mama yako akwambie amepona, nikajizuia. Pengine ni kahawia, pengine ni kivuli cha dirisha, pengine ni haya macho yangu yaliyozoea kuona ninachopenda. Sitakwambia tena yuko vipi. Njoo umtazame mwenyewe, na usiponisalimu nitakaa nje mpaka umalize.

Mjomba wako,
Ogola