Mkono Unaotwanga

Jumatatu, 5 Agosti

Piano ya ukumbi wa parokia kabla ya kufungua duka, kama kila asubuhi. Unyevu umeingia tena. Kibonyezo kimoja cha katikati kikishuka hakipandi, nakinyanyua kwa ukucha. Leo nimejirekodi kwa simu, kile kipande cha muziki wa Kijerumani, cha polepole, ninachohangaika nacho tangu Kwaresma. Nimekituma kwenye kundi la kwaya. Jumapili nitakipiga kwenye jubilei ya padri. Naogopa. Basi.

Jumanne, 6 Agosti

Kundini wamejibu. Maua. Amina. Hongera mama. Mama Teddy kapongeza hata kabla rekodi haijafika katikati. Hakuna aliyesikiliza. Wananibembeleza kama mtoto.

Isipokuwa Damiani, mtoto wa mjomba: "Dada, huo mkono wa kushoto unapiga muziki au unatwanga kisamvu?" Binamu ni mtani, na mtani hanuniwi. Nikamjibu kwamba masikio yake yamejaa maganda ya korosho. Kundi zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeondolewa kwenye ratiba! Mwenyekiti wa kwaya kahamia Mtwara mwaka huu. Kasoma maneno ya Damiani akadhani ni malalamiko ya waumini. Hajui kwamba huku binamu asipokutukana ujue mna ugomvi. "Tusije tukaaibika mbele ya wageni, mama." Badala yangu kitapigwa kinanda cha umeme, kile chenye ngoma zake humo humo.

Nimerudi dukani nikamkatia mteja kitenge upogo, upande mmoja mrefu. Nina hasira.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda Mikindani kwa Damiani, amweleze mwenyekiti kuwa ulikuwa utani. Kakubali upesi, akavaa na kandambili. Halafu mlangoni: "Ila dada, kweli unatwanga." Safari hii hakucheka.

Nikamwambia avue kandambili zake, akae. Sitaki kuombewa na mtu. Njia nzima nimemchukia. Jioni nimepiga mkono wa kushoto peke yake, taratibu, na nikamchukia zaidi, maana ni kweli.

Jumapili, 11 Agosti

Nimepiga.

Wageni walikuwa wanasubiri pilau. Nikaenda nikafunua piano, nikakaa. Mwenyekiti akanyanyuka kunifuata, padri akamwashiria akae. Kibonyezo kiligoma, nikakinyanyua mbele ya watu wote. Mkono wa kushoto ulitulia mwanzoni, ukurasa wa mwisho ukanilemea. Sahani zinagongana, watoto wanakimbizana. Sikusimama. Nilifika mwisho.

Makofi machache. Kisha Damiani kutoka nyuma: "Kisamvu kimelainika, bado nazi!" Mwenyekiti alitazama sakafu. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimechelewa kufungua duka. Mwenyekiti katuma ujumbe, safari nyingine nifuate utaratibu. Nimeiweka simu chini ya vitenge.

Mchana kaja mama mmoja kutoka kijiji cha Kitaya, alikuwa kwenye jubilei. Kachagua kitenge, akakikunja, akakikunjua. Akauliza ule wimbo wa jana maneno yake ni yapi. Nikamwambia hauna maneno. Akakikunja tena kitenge, akauliza nitapiga tena lini.

Jumapili, nikasema. Sijamwomba mtu ruhusa.