Mawese kwenye rimu

Likasi, Alhamisi jioni, 1994

Kosa la wengi ni hili: breki ya baiskeli ikipiga kelele, wanapaka rimu mawese. Kelele inaisha, na breki inaisha pia.

Mkwe wangu Ilunga amefanya hivyo hivyo, naye kesho alfajiri atateremka kilima cha Kamatanda na magunia mawili ya makaa. Nilimweleza kwamba mpira hushika chuma kikavu tu. Akacheka. "Papa, weye unaogopa bure! Minye iko na viatu, nitasimamisha na miguu."

Viatu! Na binti yangu ana mimba ya miezi minane.

Nimemkatia patini mpya, vile vipira vya breki, kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, bila gharama yoyote. Lakini juu ya rimu yenye mafuta hazitashika...

Haya, mzee mimi, weka kalamu chini. Osha rimu kwa sabuni na majivu, leo hii.