Picha za Harusi Yako

Bombambili, Songea
12 Julai 2006

Remmy,

Sisi huku wazima, na mahindi tumeshavuna.

Jana mama yako alileta kadi ya kamera dukani nimchapishie picha za harusi yako. Printa yangu ndogo haikuonyesha kitu, nikamwomba aiache. Kumbe mtu alibadilisha majina ya picha kwenye kompyuta, na printa hii husoma tu majina yaliyotolewa na kamera. Nilipoyarudisha, zikatokea zote. Bibi harusi amevaa gauni nililoshona kwa ajili ya ndoa yetu, lile ulilosema limeibwa kwenye basi la Tunduru.

Nikazifuta zote.

Leo mama amerudi.

“Hata moja haionekani, mwanangu?”

“Hata moja, mama.”

Alilia, nami nikamshika mkono. Mimi sikumdanganya.

Notburga