Fumbo la Hatua Nne

Samtredia, 3 Februari

Mjukuu wangu Nestani,

Salamu. Mimi sijambo, ila magoti. Wewe sijui, maana barua yako imejaa machozi tu, haisemi hata kama unakula. Nimeelewa hivi: chama cha sataranji kinasema mashindanoni ulisaidiwa na kompyuta. Simu wamekunyang'anya. Tarehe ishirini watakufungia chumbani na mafumbo kumi, na ukishindwa huna tena timu ya taifa.

Basi futa kamasi. Niliishia darasa la nne, lakini niliolewa nikiwa na sataranji sandukuni kama kila bibi arusi wa huku, na haikuwa pambo. Nimekuchorea fumbo. Mweupe anaanza, mfalme mweusi afungwe kwa hatua nne. Tumia kichwa.

Bibi yako,
Lamara

Tbilisi, 7 Februari

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula. Pole na magoti. Fumbo nimelipata: malkia ajitoe kwa ngome, farasi amtishe mfalme, askari asogee, farasi amalize. Tuma mengine upesi. Siku zinakwisha, Bibi, usingizi siupati.

Mjukuu wako,
Nestani

Samtredia, 11 Februari

Nestani,

Hujambo? Mimi sina raha. Jibu lako ni sahihi, ndiyo maana nina hasira. Marehemu babu yako fumbo hilo lilimchukua wiki nzima. Mimi siku mbili, na maharagwe nikaunguza. Kila mtu huanza na farasi, akapotea. Wewe ulipotea wapi? Mbona hukujikwaa hata mara moja? Nani aliyekufundisha kufika bila kutembea?

Umeiuliza mashine. Usinifanye mjinga. Na kule mashindanoni je? Niandikie ndiyo au hapana, maneno mengine kaa nayo.

Bibi yako

Tbilisi, 15 Februari

Bibi,

Sijui nikusalimu vipi. Ndiyo.

Fumbo lako nilitumia simu ya mwenzangu wa chumbani. Kule ilikuwa mechi moja tu, nilijifungia chooni na simu. Tangu siku ile nikitazama ubao naona vipande vya mti, basi. Hata mafumbo ya watoto yananishinda. Zimebaki siku tano. Nifanyeje? Baba asijue, nakuomba.

Nestani wako

Samtredia, 24 Februari

Mjukuu wangu,

Uhali gani? Hujaandika, nimesikia redioni. Wamesema hukugusa hata fumbo moja, ulisimama ukakiri. Miaka mitatu nje ya mashindano. Baba yako amesikia pia.

Sasa nisikilize mimi. Barua yako ya kwanza ilipofika, kanisani, mbele ya mtaa mzima, niliapa kwamba damu yangu haiibi. Hukuniomba, ni kiburi changu. Kiapo hicho nakitengua mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Jirani yetu Tsiala amenifungia mlango. Mwingine akanicheka: "Lamara, leo na wewe umefungwa!" Nikaenda kupiga hodi nyumba iliyofuata.

Zimebaki nyumba kumi na moja. Panda treni ya Jumamosi. Tutakwenda wote, na wewe ndiye utakayepiga hodi.

Bibi yako,
Lamara