Ulinipima Nimelala

3 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Masikio yako je? Nilikupigia simu, nikasikia "nani? nani?" mpaka vocha ikaisha. Narudi kwenye kalamu. Msumeno wa umeme umekula masikio yako, lakini macho bado unayo.

Mimi mzima, na nasema mzima kweli. Juzi nilikuwa kliniki. Virusi bado havionekani kwenye kipimo, na muuguzi ameniambia nije mara mbili tu kwa mwaka. Nikamuuliza, kwa hiyo nitaishi mpaka lini? Akacheka: "Wewe meza dawa zako kila siku, utazeeka kama sisi, magoti yakuume kama sisi. Kwa sasa punguza chumvi."

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuoa. Ni mshonaji wa mapazia, jirani na karakana ya makochi ninakofanya kazi huku mjini. Nilimwambia hali yangu kabla sijamwambia kwamba nampenda. Akafuatana nami kliniki, akauliza maswali mpaka muuguzi akamvutia kiti. Ameelewa kwamba nikiendelea hivi simwambukizi. Baba yake ni yule fundi saa wa mtaa wa nyuma ya kwako.

Baba yetu hayupo, wewe ndiye baba. Nenda ukaniposee. Tukishaoana tutarudi nyumbani, nami nitafanya kazi upande wangu wa karakana, ule alioniachia baba.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila shemeji yako na mgongo wake. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya tatu nikamsomea yeye. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Fundi saa namfahamu, mtu wa maneno machache. Nitakwenda. Ila nina kazi ya madawati ya shule na mwalimu mkuu ameniganda kama kupe. Haraka haraka haina baraka. Habari za karakana tutazungumza ukija.

Kula vizuri. Usijichoshe. Unajua hali yako.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu. Sisi wazima.

Madawati hayajaisha tu? Hao wanafunzi watamaliza shule wamesimama.

Huku pana jambo silielewi. Fundi saa hapokei tena simu za binti yake. Siku akipokea anamuuliza, "Unakula?" kisha anakata. Mwenzangu analia akikunja mapazia ya watu. Je, umeshakwenda kwa mzee? Kama umekwenda na mambo yakaharibika, niambie. Kama hujaenda, niambie pia.

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijafika kwake. Mvua, madawati, na mguu wangu wa kushoto. Pengine mzee ana mambo yake.

Nikwambie kama kaka: wanawake si huyo mmoja. Na wewe, kwa hali yako, kukaa kwa utulivu si bora? Tumshukuru Mungu kwa kila siku anayokupa.

Kaka yako

17 Mei

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya umri.

Jumamosi nilikuja. Hukuniona kwa kuwa ulikuwa shuleni ukifunga madawati. Nilianzia kwa fundi saa. Akanikaribisha ndani, akanionyesha kiti.

"Kaka yako alikalia hicho hicho," akasema. "Alikunywa chai, akaniambia: mzee, usimpe binti yako marehemu mtarajiwa. Miaka miwili, ikizidi mitatu, utamrudisha nyumbani mjane, naye akiwa mgonjwa."

"Alikuja lini?"

"Februari, katikati hivi."

"Nawe ukamwamini?"

"Nani anamjua mtu kuliko ndugu yake?"

Kwa hiyo ulipoandika "nitakwenda," ulikuwa umeshakwenda.

Kisha nikaenda karakanani. Upande wangu umejaa vitanda vya mwanao. Kijana hana kosa. Alinisalimia kwa adabu, akanipisha kwenye karakana ya baba yangu kama mteja. Juu ya boriti, nyuma ya turubai, nikaona sanduku. Nikamuuliza shemeji, hili la marehemu gani?

"Hilo lako, shemeji," akasema. "Lina miaka. Alilitengeneza wakati ule ulipoumwa." Alisema kama anayenionyesha suti niliyoisahau kwake.

Nikalishusha, nikapiga chafya, nikalala ndani. Shemeji akapiga kelele mpaka mwanao akatupa nyundo. Halinitoshi, kaka. Magoti yamebaki juu, mabega hayaingii. Ulinipima nimelala, nimejikunja kwa homa, na tangu siku hiyo hukunipima tena.

Kazi yenyewe nzuri, sikatai. Pembe zimeumana. Nijibu hili moja tu: kila nilipokuja likizo tukala na kucheka mle ndani, lilikuwa juu ya kichwa changu?

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Ndiyo, lilikuwa juu.

Wewe wakati ule hukujiona. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka chooni, na ulikuwa mwepesi kuliko ubao wa rafu. Daktari aliniambia nijitayarishe. Mimi ni fundi. Kujitayarisha kwangu ni kukata mbao. Kisha ukaamka, nami nikaendelea kusubiri. Wangapi tumewazika mtaa huu, na wiki moja kabla walikuwa wanacheka?

Mwanangu alihitaji pa kusimama. Nafasi haikai tupu. Kwa fundi saa nilisema nilichokiamini, kwa kumwonea huruma binti wa watu. Kwamba nilikuficha, hapo sina neno.

Lakini aliyekuogesha ni mimi. Usisahau.

Kaka yako

2 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima, wote wawili.

Sijasahau aliyeniogesha. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu baki ningecheka nikaendelea na makochi yangu. Ulisubiri, unasema. Nami mwaka baada ya mwaka nilikuwa nakuambia nimepata nguvu, kwa mdomo na kwa barua, nawe ukiitikia "Mungu mkubwa." Shemeji alipopiga vigelegele, wewe ulikuwa umetoka tu kunizika kwenye sebule ya watu.

Fundi saa alikuja huku bila taarifa, na mkoba wake wa vifaa, kana kwamba tumempigia simu kuna saa imesimama. Akataka apelekwe kliniki. Akamuuliza muuguzi, "Huyu atakaa muda gani?"

Muuguzi akamjibu, "Mzee, na wewe utakaa muda gani?"

Muuguzi akamweleza kama alivyomweleza binti yake, taratibu, kisha akamfunga kile kitambaa mkononi. Presha iko juu, wala hakujua. Amepewa dawa. Siku hizi tunakumbushana kwa simu: yeye zake, mimi zangu. Akinitangulia kumeza, ananicheka.

Tumeoana wiki iliyopita. Aliyesimama pale kama baba yangu ni bosi wangu wa makochi. Hukualikwa, na sitakudanganya kwamba barua ilipotea njiani.

Upande wa karakana baki nao, mwanao ana mikono mizuri. Hatutarudi. Sanduku lishushe. Ukitaka kuliuza, tafuta mtu mfupi, na akubali kukunjwa.

Mdogo wako

9 Desemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mpe salamu zangu, akizitaka.

Nimelishusha. Nimelivunja mwenyewe, mwanangu alitaka kunisaidia nikamkatalia. Misumari imetoka bila kupasua ubao. Mbao zimekauka vizuri, na nimeongeza nyingine mpya kwa sababu zile hazitoshi. Upande wako umeondolewa vitanda. Mwanangu amehamia barazani, ananung'unika, atazoea.

Nataka kukutengenezeeni kitanda. Nitumie kimo chako cha sasa, cha mkeo pia, na upana wa mlango wa chumba chenu.

Kaka yako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Sisi tuko vile vile.

Fundi saa nilikutana naye sokoni. Nilimsalimu, akaitikia. Nikamuuliza kama barua yangu ilifika kwenu. Akasema ilifika, aliiona mezani, imefunguliwa. Nikamuuliza kimo chako, maana yeye amekuona karibuni. Akasema, "Muulize mwenyewe," akaenda zake.

Mbao zipo upande wako, nimezilaza juu ya vipande zisipinde. Shemeji yako anasema nikisie tu, mtu mzima ni mtu mzima.

Sikati. Safari hii sikisii.

Kaka yako