Kutu Ndiyo Kufuli

Rinkeby, Stockholm
Oktoba 1985

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Wafula ameniandikia kwamba umevimba tena, na kwamba bado unapanda baiskeli kwenda gereji kana kwamba daktari alikuwa akizungumza na mtu mwingine. Na Mama, kifua kimetulia? Sisi huku tu wazima, mimi, mkweo Nekesa na mjukuu wako Naliaka, ambaye nikimwuliza jambo kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, halafu hucheka nikinuna. Baridi imeanza kubisha hodi. Asubuhi nikitoka kwenda kazini Jordbro, nguo nilizovaa zingetosha watu watatu.

Wafula ameniambia na jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu Jumapili hii badala ya kulala. Anasema kuna bwana kutoka Nairobi anayekodisha magari ya kizamani ya kubebea maharusi, na amekwisha kuja mara mbili kuitazama ile Pijo yako, akitaka kuinunua. Mara ya pili aliisifu mpaka ukamkaribisha chakula. Nakujua, Baba. Mtu akikutukana utamjibu, lakini akilisifu gari lako huna la kumnyima. Kabla hujampa jibu, sikiliza kisa kilichonipata huku.

Pale ghalani tunapopakia mizigo yupo mzee mmoja Mswidi, jina lake Sture, amekaribia kustaafu. Mwaka mzima hatukuwa na maneno ila "habari za asubuhi" na "angalia vidole". Siku moja wakati wa kahawa nilimwona akitazama picha ya gari lililolala ubavu kwenye vumbi, watu wakilisukuma. Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa akishindana hivyo." Akageuka. Hakuniuliza natoka nchi gani, kama wanavyouliza wote.

"Alikuwa namba ngapi?"

"Saba," nikasema.

"Gari gani?"

"Pijo."

"Aa," akasema, akanisogezea kiti.

Basi nikamweleza yote. Ule uwanja wa vumbi nje ya Nakuru na madebe ya oili kwenye kona. Jinsi ulivyokuwa ukitoka kanisani moja kwa moja, unaning'iniza tai kwenye kioo, unaendesha kwa shati jeupe linalorudi nyumbani jekundu. Mama aliyekuwa akiyapa magari mgongo ili asione, lakini kwa kusikia tu akajua ni wewe unayeingia kona. Nikamweleza habari za mwenzako wa mbio, marehemu Otieno, tuliyemwita Moshi, maana ukiwa nyuma yake huoni njia, na ukiwa mbele yake huna haja ya kuharakisha. Sture alicheka mpaka akakohoa. Yeye naye ana akina Otieno wake, karibu wote wametangulia, na picha zao amezibandika ukutani kwenye banda anamoweka gari lake. Mchezo wao unaitwa folkrace, yaani mbio za watu wa kawaida: magari yaliyochoka, uwanja mdogo wa changarawe, na kugongana ni sehemu ya salamu. Baba, nilipoingia kwenye banda lile nikanusa oili, machozi yalinilenga. Miaka sita niko huku, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kujisikia niko kwetu.

Gari lenyewe lilikuwa Volvo ya zamani, mgongo wa kobe. Mlango mmoja kahawia, mwingine kijani, na kutu kila mahali. Lakini injini! Ungeisikia ungevua kofia. Mwezi wa nane Sture alikwenda kaskazini kumwuguza dada yake, akaniachia ufunguo wa banda nimwangalizie panya wasiingie. Mimi nikaona hapo ndipo pa kumlipa wema. Si wewe uliyetufundisha kwamba gari haliendi mashindanoni na uchafu, kama vile mtu haendi kanisani bila kunawa uso? Kila Jumamosi tulikuwa na ndoo zetu na matambara. Basi kila nikitoka kazini nilinyoosha bodi, nikaziba matundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya samawati. Namba yake, thelathini na moja, nikaiandika upya kwa nyeupe. Nekesa aliniletea chapati, akasimama mlangoni.

"Wewe! Hili si ni la kwenda kuoa nalo?"

Nilivimba kichwa, sikufichi.

Sture aliporudi alilizunguka gari mara mbili, kisha akapindua ndoo akaikalia. Nikadhani furaha imemzidi.

"Ni zuri," akasema. "Zuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Ndipo akanieleza sheria ambayo huku kila mtu wa mchezo ule anaijua, isipokuwa mimi. Mashindano yakiisha, kila gari lililokimbia linauzwa kwa bei moja ndogo, ili tajiri asije na gari la maana akawaonea wenzake. Anayelitaka anaandika jina lake kwenye karatasi, na wakiwa wengi inapigwa kura. Mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Kwa hiyo wazee wale huificha injini nzuri ndani ya bodi mbaya.

"Kutu ndiyo kufuli yangu," akasema. "Miaka kumi na mmoja hakuna aliyelitaka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikashika nyundo, nikamwambia nitalirudisha lilivyokuwa. Akaninyang'anya. "Zawadi haipigwi nyundo." Nekesa akashauri tope. Asubuhi ya mashindano nikalipaka tope kuanzia boneti hadi nyuma, lakini kabla ya zamu yetu ikanyesha mvua, ikaliosha vizuri kuliko mimi. Mungu naye ana mizaha yake.

Watu walilipigia makofi hata kabla halijaondoka. Sture akaliendesha, likamaliza la pili. Mimi nikakimbia kuandika jina langu, Nekesa lake, na wazee marafiki wa Sture yao, tukiomba kura itue kwetu tumrudishie. Karatasi zilifika kumi na tisa. Msimamizi akatia mkono kwenye sanduku akatoa jina la dada mmoja wa Farsta, dereva wa basi. Alirukaruka kwa furaha, na mimi nilishindwa hata kumchukia. Sture akautoa ndani ya gari mto wa kiti alioshonewa na marehemu mkewe, akamkabidhi yule dada ufunguo, akainama dirishani. "Gia ya tatu iombe," akamwambia. "Usiilazimishe."

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba radhi, labda mara ya ishirini.

"Miaka yote nimelificha," akasema. "Leo watu wamelipigia makofi na kulitamani. Ni vizuri kulionyesha mara moja." Kisha akaupapasa ule mto wa kiti. "Ila kesho nitaingia bandani, na sitakuwa na la kufanya."

Hilo la mwisho lilinichoma, Baba, na linanichoma hadi leo. Tangu hapo kila Jumamosi naenda kukaa naye. Tunatafuta jingine, bovu kabisa, na ameshaniambia brashi niiache Rinkeby.

Nisalimie Mama, umwambie nami nimejifunza kulijua gari kwa kusikia tu, nikiwa nimelipa mgongo. Nisalimie shangazi Nafula aliyenifungia mahindi ya kukaanga siku ya safari, na mdogo wangu Wafula, umpe asante yake kwa kunipasha habari, hata kama utamgombeza. Msalimie na yule mzee wa kanisa ambaye hajakusamehe kuyatia vumbi mashati ya Jumapili.

Na sasa ombi langu. Tangu nizaliwe sijawahi kukupangia jambo, lakini leo nakuomba. Yule bwana wa maharusi atarudi. Jumamosi ijayo, Baba, usiioshe Pijo. Waache kuku watage kwenye kiti cha nyuma, na vumbi lijae kwenye vioo. Akija aione mbovu, aende zake. Siku nitakayorudi nitakuja na ndoo yangu, tuioshe wewe na mimi.

Mwanao akupendaye,
Barasa